KANSA YA KIBOFU: IPO YA POLE, IPO KALI



Kibofu ni mfuko wa kutunzia mkojo. Kinaweza kuota uvimbe wa kansa. Dalili yake kubwa ni damu katika mkojo, mara nyingi bila maumivu. Damu hiyo huweza kukoma, kisha ikarudi.

Mkulima hutofautisha magugu. Lipo gugu linalong'oka kwa mkono. Lipo lenye mizizi mirefu. Kansa ya kibofu nayo ni hivyo. Upo uvimbe unaokaa juu juu. Upo unaochimba nyama ya kibofu na kuenea mwilini.

Daktari huutambuaje? Hukata kipande cha uvimbe. Hutazama kwa darubini umechimba kiasi gani. Hospitali zenye vifaa huweza pia kupima jeni.

Jeni ni nini? Mwili umejengwa kwa chembe ndogo sana. Ndani ya chembe kuna maagizo ya kazi. Jeni ni agizo mojawapo. Moshi wa tumbaku huweza kuharibu maagizo hayo. Kichocho cha miaka mingi nacho huweza kuleta kansa ya kibofu.

Jeni iitwayo FGFR3 huharibika zaidi katika uvimbe wa pole. Uvimbe huo hauchimbi upesi, lakini huweza kurudi. Jeni iitwayo TP53 huzuia chembe mbovu zisizaane. Ikiharibika, mara nyingi uvimbe ni mkali. Mara nyingi, lakini si kila mara. Kwa hiyo daktari hategemei jeni peke yake.

Kwa wagonjwa wengi, uharibifu huu haukurithiwa. Umetokea maishani. Tusiwalaumu wazazi, wala tusimshuku jirani kuwa ni mchawi.

Tufanye nini?

1. Ukiona damu katika mkojo, nenda zahanati, hata kama imekoma.

2. Katika vijiji vyenye kichocho, huenda damu hiyo ni ya kichocho. Vidonge vyake vipo. Mtu mzima akivimeza na damu ikaendelea, aombe kupelekwa hospitali kubwa.

3. Acha sigara.

4. Jenga choo ukitumie. Usikojoe mtoni wala bwawani.

Kipimo cha jeni hakiponyi. Humsaidia daktari kuchagua matibabu. Kuwahi ni kazi yako wewe.

Maswali ya kujadili darasani:

1. Kwa nini mtu asikae nyumbani damu ikikoma?

2. Je, kansa ya kibofu ni uchawi? Eleza.

3. Kijijini kwetu watu huchota maji na kuoga wapi?