SOMO: KUPIMA MATOPE YA MTO WAKATI UKUTA WA MAJI UNAPOSAFISHWA

Mwanamke anateka maji mtoni, anasema: Leo maji ni machafu. Jirani yake anajibu: Hapana, ni kama jana. Nani ana haki? Macho hayawezi kukata maneno hayo. Chupa na mizani vitayakata.

Mto Ruzizi unatoka katika ziwa Kivu hapa Bukavu, unashuka mpaka ziwa Tanganyika. Juu yake zimejengwa kuta za umeme: Ruzizi I, ya miaka ya 1950, na Ruzizi II, iliyoanza kazi mwaka 1989 kwa faida ya Kongo, Rwanda na Burundi. Ninyi watu wa Kamituga na Mwenga, maji yenu hayaingii Ruzizi. Yanakwenda magharibi kwa mito Elila na Ulindi mpaka Lualaba. Lakini matope ni matope, na namna ya kuyapima ni moja.

Maji yanayokimbia yanabeba udongo. Yakipunguza mbio, mchanga unaanguka kwanza, na udongo mwembamba unaanguka nyuma kabisa. Kwa hiyo nyuma ya ukuta udongo unakusanyika mwaka kwa mwaka, nafasi ya maji inapungua, na mchanga unakula mabawa ya mashini. (Katika Ruzizi, plastiki zinazotupwa na watu wa mji nazo zinaziba njia, hizo hazipimwi kwa chupa, ni za kuokotwa.) Dawa moja ni kufungua milango ya chini, maji yasukume matope nje. Ndipo mto wa chini unapogeuka rangi.

Basi, tuteke maji. Usiteke pembeni, maana pembeni maji ni polepole. Wala juu tu, maana mchanga unapita chini. Simama juu ya daraja. Funga chupa yenye mdomo mwembamba katika chuma kizito, uishushe kwa kamba mpaka karibu na chini, uipandishe kwa mwendo ule ule, isijae mpaka juu. Ikijaa kabisa, mwaga, anza tena. Usipunguze maji yaliyomo, kwa sababu mchanga umekwisha kukaa chini na hesabu itaharibika. Andika juu ya chupa: pahali, siku, saa.

Chupa ya kwanza itekwe kabla ya milango kufunguliwa. Wengi wanaisahau hiyo, na pasipo hiyo kazi yote ni bure. Milango ikifunguliwa, teka kila robo saa, kwa maana matope mengi yanakuja upesi. Halafu kila saa, mpaka mto urudie hali yake. Mtu asiingie majini kuteka, na watoto waondoke mtoni: maji yanapanda ghafula.

Kwa mpimaji, karatasi ya kuchujia inakaushwa na kupimwa kwanza. Maji yote yanapitishwa, chupa inasuuzwa, karatasi inakaushwa kwa moto wa digri 105, inapoa katika chombo kilichofungwa, inapimwa tena. Tuseme karatasi ilikuwa na grama 1, sasa ina grama 1.8, matope ni grama 0.8. Kama maji yalikuwa sentimita kubo 400, litri moja ina grama 2. Ni kidogo? Hesabu: mto ukipitisha meta kubo 100 kwa sekunde, unabeba kilo 200 kila sekunde, yaani tani 720 kwa saa moja. Ni malori 72 ya tani 10.

Huko Ufaransa, katika mto Rhône, ukuta wa Génissiat unaposafishwa, matope ya kazi nzima yasipite kwa wastani grama 5 kwa litri, wala grama 10 kwa muda wa saa 6, wala grama 15 kwa nusu saa. Chupa ndizo zinazoamuru milango. Sababu ni samaki: matope yanaziba mashavu yao, na yale yaliyolala muda mrefu yanakula hewa iliyo ndani ya maji.

Sasa neno la wachimbaji. Mtu akiosha udongo wa dhahabu katika kijito cha juu, matope yake nayo yanashuka, na zebaki inashikamana na udongo mwembamba. Samaki wakifa, wachimbaji watasema ni ukuta, wenye ukuta watasema ni wachimbaji. Kwa hiyo tekeni pahali patatu saa ile ile: juu ya mashimo, kati ya mashimo na ukuta, na chini ya ukuta. Tofauti ya chupa itaonyesha matope yameingia wapi.

Kijiji kisicho na mizani kitumie chupa nyeupe za namna moja, zikae siku nzima bila kutikiswa; mpime kimo cha matope kwa rula. Hicho si uzito, ni cha kulinganisha tu. Chupa za kupeleka kwa mpimaji ziwekwe gizani, pahali pa baridi.