Kichefuchefu cha mimba changa

Swali: Mjamzito wa miezi miwili, Manyoni mkoani Singida, hutapika kila mafuta ya alizeti yakichemka. Afanyeje bila dawa?

Jibu: Singida harufu hiyo iko kila jiko, kwa hiyo kwa sasa mwingine akaange. Yeye, kabla ya kuinuka kitandani, atafune mkate mkavu au kiazi kitamu kilichopoa, kisha atulie kidogo. Tumbo tupu huzidisha kichefuchefu. Ale kidogo kidogo, maji anywe kwa mafunda madogo.

Tangawizi husaidia kweli: Shirika la Afya Duniani liliipendekeza mwaka 2016 kwa miezi ya mwanzo.

Kama anakula udongo wa pemba, auache, unazuia mwili kufyonza madini ya chuma.

Maji yenyewe yakigoma kukaa tumboni, au mkojo ukiwa haba na mweusi, awahi kituo cha afya siku hiyohiyo.