Tazama Mpira Kabla ya Kumwita Fundi
Kijitabu cha kutunza mlango wa friza, friji na oveni nyumbani, Isiolo

Maziwa ya ngamia yanayouzwa Eastleigh, Nairobi, mengi hulala kwanza Isiolo. Hutoka Burat, Kulamawe na malisho mengine, hupokelewa mjini na akina mama wa biashara, wakiwemo wa ushirika wa Anolei, hupozwa kwenye friza, kisha mitungi hupakiwa kwenye basi. Maziwa haya hustahimili joto kuliko ya ng'ombe, na pengine ndiyo sababu watu huyaamini kupita kiasi. Yakikaa kwenye friza isiyofunga sawasawa huchacha, na mama aliyetaka kuuza maziwa mabichi hujikuta na susa, yaani maziwa ya ngamia yaliyochacha, ambayo hakuikusudia.

Kijitabu hiki ni cha yeyote mwenye friza au friji nyumbani, iwe ya biashara au ya kuhifadhi nyama na maji baridi ya kufuturu. Kinahusu ule mpira unaozunguka mlango. Ndio unaosahauliwa zaidi, na kuutunza hakuhitaji hata bisibisi.

Lawama ya gesi

Friza ikianza kulegea, neno la kwanza nyumbani ni "gesi imeisha". Lisikubaliwe haraka. Gesi ya friji haiungui kama ya kupikia. Huzunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa, na pasipo tundu hubaki ile ile miaka na miaka. Fundi anayeongeza gesi bila kutafuta inakovujia anakuuzia nafuu ya muda mfupi. Tena huenda mabomba hayana kosa lolote, kosa liko mlangoni.

Mpira wa mlango ni plastiki laini yenye mikunjo, na ndani yake umepitishwa ukanda wa sumaku unaouvuta ushikane na bati. Ukiacha mwanya, hewa ya nje huingia pamoja na unyevu wake. Unyevu huganda ukutani, barafu hunenepa na kuzuia baridi isiyafikie maziwa, mota hunguruma kutwa bila kupumzika, na tokeni za stima huisha upesi. Ukiona barafu imerundikana upande mmoja tu wa mdomo wa friza, umeshapata pa kuanzia: hewa inaingilia hapo.

Kupima bila vyombo

Chukua noti ya shilingi mia. Ibane mlangoni, nusu ndani nusu nje, kisha ivute taratibu. Ikikuzuia kidogo, mpira unashika. Ikitoka bila ubishi, pale pana mwanya. Rudia kila baada ya shubiri moja, ukizunguka mlango mzima, na usiharakishe kwenye pembe na upande wa bawaba. Mipira mingi huanza kuchoka huko.

Kwa friza ya mfuniko kuna kipimo kingine kizuri zaidi. Ifungue, ifunge, kisha jaribu kuifungua tena papo hapo. Hewa ya joto iliyoingia inapopoa husinyaa na kuuvuta mfuniko chini, kwa hiyo friza nzima itakugomea kidogo. Ikifunguka kwa ulaini ule ule wa mwanzo, kagua mpira. Usiku unaweza pia kuweka tochi inayowaka ndani, uzime taa za chumba na utafute mwanga unaopenya. Watoto hupenda sana kazi hii, nao wana macho makali kuliko yetu.

Kuosha

Chomoa waya ukutani. Changanya maji ya uvuguvugu na tone la sabuni ya vyombo. Kwa kitambaa laini futa uso wa mpira, kisha funua mikunjo kwa kidole na uipitishie mswaki wa zamani wenye nywele laini. Huko ndani utakuta vumbi la upepo wetu likiwa limeshikana na mafuta ya maziwa yaliyomwagika, na tope hilo likikauka huwa gumu kiasi cha kuunyanyua mpira usiguse bati. Usilikwangue kwa kisu. Weka juu yake kitambaa chenye maji ya uvuguvugu kwa dakika chache, litalainika.

Ukiona madoa meusi ya kuvu, tumia siki nyeupe iliyochanganywa na maji kiasi sawa, kisha suuza. Usitumie Jik, petroli wala mafuta ya taa: hukausha plastiki hiyo ikapasuka, na maziwa hunasa harufu. Usisahau bati ambalo mpira hulalia, kwa kuwa mpira safi juu ya bati chafu haushiki. Mwisho kausha vyote viwili kabisa. Mara moja kwa mwezi yatosha kwa friji ya nyumbani. Friza ya maziwa inayofunguliwa kutwa ifutwe kila wiki, na maziwa yakimwagika mdomoni yafutwe saa ile ile.

Kuna ushauri unaozunguka kwamba mpira upakwe vaselini ili ubaki laini. Kwingine huenda ukafaa. Kwa vumbi la Isiolo sisi hatuupendekezi, maana mafuta hayo hunasa kila kinachopeperuka, na baada ya siku chache umerudi kwenye tope.

Jiwe juu ya mfuniko

Mfuniko usiposhika, wengine huubebesha jiwe au mtungi uliojaa. Kwa siku moja utaona nafuu, lakini uzito huo hupinda mfuniko na bawaba, na mwanya hukua. Angalia kwanza kama friza imekaa sawa sakafuni. Ikiyumba, fremu yake hujikunja na mlango hukataa kulingana na mdomo, hata mpira uwe mpya. Kibao chembamba chini ya mguu mmoja kinaweza kumaliza shida yote.

Mpira uliobonyea kidogo hurudi. Uchue kwa kitambaa kilichochovywa kwenye maji ya moto, uvute taratibu hadi ukae, kisha funga mlango uuache upoe ukiwa umefungwa. Barafu nayo iache iyeyuke yenyewe mlango ukiwa wazi. Usiigongegonge kwa kisu: kinaweza kutoboa bomba, na friji nyingi za sasa hutumia gesi ya R600a, ambayo hushika moto ikivuja. Jina la gesi limeandikwa kwenye kibandiko cha nyuma.

Jambo moja la afya, kwa kuwa tumetaja maziwa: kuganda hakuui vijidudu vya ugonjwa wa bruselosi. Maziwa yatokayo kwenye friza, hata iliyo bora, yachemshwe kabla ya kunywewa.

Wenye oveni

Waokaji keki za Idd nao wana mpira wao. Keki ikiiva upande mmoja, au vitufe vya jiko vikichoma vidole, kagua mlango. Funga gesi kwenye mtungi na usubiri oveni ipoe kabisa. Mpira wa silikoni huoshwa kama wa friji. Ule uliofumwa kwa nyuzi za kioo haulowekwi wala hausuguliwi, unapanguswa tu kwa kitambaa chenye unyevu. Dawa kali ya kusafishia oveni isiuguse wowote kati ya hiyo. Oveni nyingine zina mpira pande tatu tu, na chini hakuna. Zimeundwa hivyo, hakuna kilichopotea.

Ukilazimika kununua

Mpira uliopasuka au uliokakamaa hauponi kwa kuoshwa. Piga picha kibandiko chenye namba ya modeli, kisha pima urefu na upana wa mfereji ambamo mpira umechomekwa, wala si ukingo wa nje wa mlango. Mpe muuza vipuri picha na vipimo vyote viwili, hasa kama mpira utaagizwa Nairobi, kwa sababu kuurudisha ni gharama juu ya gharama. Mpira ukifika umekunjamana, uloweke kwenye maji ya moto unyooke, uukaushe, uanze kuuchomeka kwenye pembe nne, kisha umalizie katikati. Baada ya siku moja rudia kipimo cha noti.