Tiba ya Majaribio na Rufaa ya Mwenye Bima

Tuchukue mfano wa mgonjwa aliyepelekwa kutoka Iringa hadi Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya. Daktari bingwa anashauri tiba fulani, lakini bima inakataa kulipa kwa hoja kwamba tiba hiyo ingali ya majaribio. Je, mgonjwa akubali, au akate rufaa? Ili kulijibu swali hili hatuna budi kufahamu kwanza maana ya neno "majaribio" katika sayansi.

1. Maana ya majaribio

Tiba ni ya majaribio maadamu haijathibitishwa, kwa kulinganishwa na tiba iliyozoeleka, kwamba faida yake yapita madhara yake. Dalili njema za mwanzo hazitoshi. Mfano mzuri uko Mbeya kwenyewe. Kituo cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu kilichopo huko kilishiriki, pamoja na vituo vya nchi nyingine, kuchunguza kama tiba ya kifua kikuu ingeweza kufupishwa kutoka miezi 6 hadi 4 kwa dawa ya moksifloksasini. Wagonjwa 1,931 walishiriki. Makohozi ya waliopewa dawa hiyo yalisafika upesi zaidi, hata mtu angedhani jambo limekwisha. Matokeo ya mwaka 2014 yalionyesha vingine: tiba ya miezi 6 ilifaulu kwa asilimia 92, na zile mbili za miezi 4 kwa asilimia 85 na 80 tu.

Hata hivyo, mwaka 2021 utafiti mwingine, uliohusisha pia vituo vya Kenya na Uganda, ulionyesha kwamba dawa hiyohiyo ikitumiwa pamoja na rifapentini na dawa nyingine huweza kutosha kwa miezi 4. Basi "majaribio" ni hatua ambayo tiba huipitia, wala si sifa ya kudumu. Jibu la bima lililokuwa sahihi jana laweza kuwa kosa leo.

2. Hatari ya kuharakisha

Mwaka 1993 jopo la mahakama huko California, Marekani, liliitoza kampuni ya bima dola milioni 89 kwa kukataa kulipia upandikizaji wa uboho kwa mgonjwa wa saratani ya matiti. Kampuni nyingine zikaanza kulipa. Lakini kati ya tafiti tano zilizotangazwa mwaka 1999, nne hazikuonyesha kwamba tiba hiyo ilirefusha maisha. Ya tano, kutoka Afrika Kusini, ilibainika mwaka 2000 kuwa ya udanganyifu. Wanawake wengi walikuwa wameteseka bure. Kushinda kesi si kuthibitisha tiba.

3. Namna ya kukata rufaa

(a) Mgonjwa aombe sababu kwa maandishi. "Ni ya majaribio", "haimo katika kitita cha mafao" na "haikuombewa kibali" ni sababu tatu mbalimbali, na kila moja ina jibu lake.

(b) Daktari aandike barua inayoeleza ugonjwa, tiba zilizokwisha kutumika, na ushahidi wa tiba anayoishauri. Aonyeshe kama imo katika mwongozo wa taifa wa matibabu au wa Shirika la Afya Duniani.

(c) Rufaa ianzie kwa mwenye bima mwenyewe. Asiyeridhika na kampuni ya bima aweza kumwendea Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, aliyewekwa na Sheria ya Bima ya mwaka 2009. Mwanachama wa Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya aanzie katika ofisi ya Mfuko ya mkoa wake.

(d) Ikiwa tiba ingali inachunguzwa kweli, mgonjwa aulize kama kuna utafiti wenye kibali anaoweza kujiunga nao. Katika utafiti wa namna hiyo, gharama ya dawa inayochunguzwa kwa kawaida ni ya mdhamini. Anayedaiwa fedha ili ajaribiwe dawa ana haki ya kushuku.

Kwa hiyo rufaa njema haiombi huruma tu. Huuliza: ushahidi uko wapi, na ni wa mwaka gani?