Hali ya Kujiona Mlaghai kwa Wanawake Watoao Huduma za Afya

Mwaka 1978 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Pauline Clance na Suzanne Imes, walichapisha makala kuhusu wanawake zaidi ya 150 waliofanikiwa sana katika masomo na taaluma. Licha ya shahada na sifa zao, wengi waliamini kwamba wamewalaghai watu: mtihani waliufaulu kwa bahati, kazi waliipewa kimakosa, na siku moja wangegunduliwa. Hali hiyo si ugonjwa, wala haimo katika miongozo ya uainishaji wa magonjwa ya akili, ingawa mara nyingi huandamana na wasiwasi, sonona na uchovu wa kazi.

Wanaume nao huipata. Mapitio ya tafiti 62 yaliyochapishwa mwaka 2020 yalikuta tafiti 33 zilizolinganisha jinsia. Katika 16 wanawake waliathirika zaidi, na katika 17 tofauti haikuonekana. Kwa hiyo kuichukulia kuwa udhaifu wa kimaumbile wa mwanamke ni kosa. Inafaa zaidi kutazama yale anayokutana nayo kazini.

Daktari mwanamke humpima mgonjwa, humweleza tiba, kisha jamaa wa mgonjwa huuliza: "Sista, daktari atapita saa ngapi?" Mwanafunzi wa kiume aliyesimama nyuma yake ndiye aitwaye daktari. (Uuguzi una heshima yake kamili, muuguzi wa kiume naye huitwa daktari, na taaluma yake ikafutwa vivyo hivyo.) Anayeulizwa hivyo kila siku ana sababu ya kujishuku, na kumwambia tu ajiamini ni kumtwisha mzigo ambao si wake peke yake.

Madhara humfikia mgonjwa pia. Mwenye hofu ya kugunduliwa huogopa kuuliza. Usiku, akiwa na shaka kuhusu kipimo cha dawa ya mtoto, husita kumpigia simu daktari bingwa asije akaonekana hajui. Ilhali kuuliza kabla ya kuchoma sindano ndiko kazi inakotaka. Mkuu wa idara anayemkejeli muulizaji mbele ya wodi huwafundisha wote waliosikia kunyamaza. Mkuu anayetamka mwenyewe, "Hili sina hakika nalo, tulitazame kwenye mwongozo," huwapunguzia hofu kuliko semina nyingi.

Wagonjwa na ndugu zao wanaweza kumwuliza anayewahudumia jina na cheo chake, badala ya kukisia kwa kumtazama. Mhudumu naye ajitambulishe mapema, na mwanamume aliyeitwa daktari kimakosa amwelekeze mgonjwa kwa daktari wake.

Ikiwa huzuni, kukosa usingizi au kupoteza hamu ya kazi kumedumu majuma mawili au zaidi, mhusika amwone mtaalamu wa afya ya akili bila kungoja likizo. Yakija mawazo ya kujidhuru, aende siku hiyohiyo.