Mwalimu wa Biashara Asiye na Duka

Ukikaa vimbwetani karibu na wanaosoma biashara, hukosi kusikia swali hili: kama mwalimu anaijua biashara kiasi hicho, mbona yeye mwenyewe hana hata duka? Tunaliuliza kwa kicheko, lekcha ikishaisha na mwalimu akishaondoka. Lakini ni swali la haki, na yupo mtu aliyeliishi maisha yake yote: Edwin Francis Gay, amidi wa kwanza wa Shule ya Biashara ya Harvard, Marekani.

Gay alizaliwa Detroit mwaka 1867. Alihitimu Chuo Kikuu cha Michigan mwaka 1890, akavuka bahari kwenda Ulaya kuendelea na masomo, akakaa huko miaka 12. (Mnaoburuza tasnifu zenu, jipeni moyo.) Shahada ya uzamivu aliipata Berlin mwaka 1902, chini ya Gustav Schmoller, na mada yake ilikuwa mashamba ya vijijini Uingereza: jinsi ardhi iliyotumiwa na wengi ilivyozungushiwa ua ikawa ya wachache. Kiwanda hakuwa amewahi kuendesha, duka wala. Aliporudi alifundisha historia ya uchumi Harvard. Mwaka 1908 chuo kilipofungua shule ya biashara, ya kwanza duniani kutoa shahada ya MBA, mkuu wa chuo Charles Eliot akamkabidhi mwanahistoria huyu.

Ninachompendea Gay ni kwamba hakujifanya anajua. Aliwatazama majirani zake wa sheria, ambao mwanafunzi wao hupewa kesi iliyoamuliwa mahakamani akaibishanie darasani. Akataka hivyohivyo kwa biashara. Tatizo, biashara haina mahakama inayotunza kumbukumbu. Mfanyabiashara akikosea anaficha, akifanikiwa anaficha zaidi. Ikabidi wenye shida waitwe wenyewe. Katika kozi ya sera za biashara iliyoanza mwaka wa masomo 1911-12, kwa msaada wa Arch Shaw, mchapishaji wa majarida kutoka Chicago, mfanyabiashara alikuja darasani na tatizo linalomsumbua kazini. Wanafunzi walikwenda kulichambua na kuandika ripoti, kisha yeye akarudi kuwasikiliza. Hebu pata picha: asaimenti yako inasahihishwa na mtu ambaye hela yake ndiyo inayopotea.

Mwaka huohuo wa 1911 shule ikaanzisha ofisi ya utafiti, na kazi yake ya kwanza ikawa viatu. Kuuza jozi moja ya viatu kunamgharimu mwenye duka kiasi gani? Swali jepesi, ila kila duka lilikuwa likiandika hesabu kivyake. Mwenye jengo lake haandiki kodi ya pango, aliyepanga anaiandika. Sasa utalinganishaje faida zao? Kabla ya kutafuta jibu, watafiti wakalazimika kutunga mfumo mmoja wa hesabu kwa maduka yote ya viatu. Nenda Kariakoo leo na swali hilohilo, uone utakavyojibiwa.

Vita Kuu ya Kwanza ilimpeleka Washington, kwenye mipango na takwimu za meli. Mwaka 1919 aliacha uamidi. Mrithi wake, Wallace Donham, ndiye aliyeifanya njia ya kesi itawale shule nzima.

Sasa tufike penyewe. Gay alikwenda New York kuongoza gazeti la Evening Post, mali ya Thomas Lamont wa benki ya J.P. Morgan. Yaani hatimaye mwalimu amepata duka. Gazeti likawa linakula hasara. Mwaka 1922 Lamont akajitoa, na Gay akaongoza kundi la wanunuzi 34, Franklin Roosevelt akiwemo. Haikusaidia. Mwaka 1924 likauzwa kwa Cyrus Curtis, na Gay akarudi Harvard kufundisha historia ya uchumi.

Wa vimbwetani watasema, si tuliwaambia? Mimi nakubali nusu. Mtu aliyewafundisha wengine kuhesabu gharama za kiatu alishindwa na gharama za gazeti, na hilo halifunikiki kwa kusema yeye ni msomi. Lakini mwaka 1908 hakuombwa kuuza kitu. Aliombwa kujenga mahali ambapo wauzaji wataulizwa maswali, na pale kutojua kwake kulimsaidia: anayejua hana haja ya kumwita mwenye duka darasani. Wasiwasi wangu uko kwetu zaidi. Tunasoma kesi za makampuni ya mbali zilizochapwa miaka iliyopita, na mwenye duka la ng'ambo ya barabara hajawahi kuitwa.

Gay alistaafu mwaka 1936, akahamia California kufanya utafiti katika Maktaba ya Huntington hadi alipofariki mwaka 1946. Huko alichimba nyaraka za familia ya Temple wa Stowe, Uingereza, matajiri wa karne ya 17. Makala moja aliyoandika juu yao, mwaka 1939, inahusu madeni yao.