Madoa Yameondoka? Usipige Vigelegele Bado

Mdogo wangu wa Mikocheni, barua yako nimeisoma mara mbili, na ile ya pili ndiyo iliyonitia hofu. Unasema kangaja wako wa buluu, yule mwenye uso mweusi na pezi la manjano mgongoni, wiki iliyopita alijaa vidoa vyeupe kama kanyunyiziwa chumvi ya mezani. Ukamchanganyia kitunguu saumu kwenye chakula, siku ya nne vidoa vikapotea, ukamshukuru Mungu. Sasa unaniuliza kama unaweza kumletea wenzake wawili.

Usilete hata mmoja. Huu utulivu unaouona ndio kipindi kibaya kuliko vyote.

Vidoa hivyo, kama ndivyo ninavyodhani, ni kimelea kiitwacho Cryptocaryon irritans. Hakikai kwa samaki maisha yake yote. Hujichimbia chini ya ngozi siku 3 hadi 7, kinakula, kikishiba kinadondoka chenyewe. Huko chini hujibandika kwenye jiwe au mchanga, hujijengea ganda, na ndani ya ganda hujigawa na kujigawa mpaka kutoka kimoja hupatikana hata mia na zaidi. Ganda likipasuka, vitoto vyote hivyo vinatoka kwa pamoja kutafuta samaki. Kwa hiyo kitunguu saumu kimepewa sifa ya kazi isiyo yake. Vidoa vilikuwa vinaondoka tu, ungempa kitunguu, ungempa maandazi.

Mimi pia niliwahi kushangilia. Mwaka wangu wa kwanza wa kufuga, vidoa viliisha Jumatatu, Jumapili nikamkuta kangaja wangu kaegemea pembe ya tangi, matamvua yanapiga mbio, mwili msafi kabisa. Safari hiyo vilikuwa vimeingia kwenye matamvua, mahali nisipoweza kuona. Jumanne nikamzika chini ya mpapai.

Basi kabla hujagusa dawa yoyote, chukua kiti ukae mbele ya tangi, ule wakati wa kumlisha. Hesabu matamvua yanafunguka mara ngapi kwa dakika, andika. Kisha pima maji. Amonia ikionekana hata kidogo, anza hapo, kwa sababu samaki anayeunguzwa na amonia naye huhema kwa kasi, na dawa itammaliza. Nimeona watu wanatibu ugonjwa ambao haupo huku maji yenyewe ndiyo sumu.

Maji yakiwa safi, zima taa za tangi, mmulike kwa tochi kutoka ubavuni. Vidoa vya kuhesabika, vikubwa kama chenga za chumvi, ni kile kimelea nilichokitaja. Lakini ukiona vumbi laini sana, la rangi ya dhahabu, kama poda iliyopeperushwa juu ya ngozi, na samaki anakimbia mwanga au amejiweka mdomoni mwa pampu ili maji yampige, huo ni ugonjwa mwingine, Amyloodinium, na hauna subira. Unaua kwa siku chache, wakati mwingine kabla hujaona hilo vumbi lenyewe. Huo usiulalie.

Wenye wale samaki wadogo wa rangi ya chungwa na mistari myeupe, watoto wanawaita Nemo: mmoja akianza kutoa ute mwingi unaomenyeka kama ngozi iliyoungua, shaba haitamsaidia, yeye ni wa kuogeshwa formalini, na afanye mtu mwenye glavu na dirisha wazi. Uvimbe mdogo kama ua la koliflawa kwenye pezi ni virusi. Mwache, mara nyingi hupona mwenyewe.

Turudi kwako. Umeniambia muuza samaki kakuuzia chupa ya dawa ya shaba, akasema mimina tu humo humo tangini. Mdogo wangu, rudisha kizibo. Shaba inaua vimelea, ni kweli, na inaua pia matumbawe, kamba, konokono na kaa, tena mawe yanaifyonza kisha yanaitema taratibu. Kama ungekuwa na lile vumbi la dhahabu ningekwambia uitumie leo hii, ila kwenye tangi tupu lisilo na jiwe wala mchanga, ukiwa na kipimo chake mkononi na maelekezo ya mtengenezaji mbele yako, kwa sababu dawa hizi hazifanani nguvu.

Kwa vidoa, mimi napenda njia ya mabeseni. Inachosha lakini haihitaji dawa. Nunua mabeseni mawili makubwa ya plastiki, jiwe la hewa kila moja, vipande vya bomba vya kujifichia, na wavu wa kufunika, kwani kangaja huruka. Hamisha samaki wote, hata wanaoonekana wazima. Kila baada ya saa 72, wahamishie beseni jingine lenye maji mapya ya chumvi na joto lile lile, bila kubeba maji ya zamani. Mara nne. Beseni lililotumika lioshe, lianike juani likauke kabisa. Vimelea vinadondoka, lakini kabla maganda hayajapasuka samaki keshahama nyumba.

Kumkamata kangaja usitumie wavu. Ana kisu kwenye shina la mkia, ndiyo maana Waingereza wanamwita daktari wa upasuaji. Wavu unanasa kile kisu, yeye anachanika, na wewe vidole vinachanika. Msukume taratibu ndani ya chombo cha plastiki.

Tangi kubwa nalo libaki bila samaki. Wafugaji wengi huhesabu siku 76. Kamba na konokono wako waendelee kula humo. Akimaliza mabeseni, kangaja atazisubiri siku zilizobaki kwenye tangi la pembeni, na ndiyo, litakula nafasi sebuleni. Shemeji atanung'unika. Mwambie bei uliyomnunulia huyo samaki, au usimwambie, unamjua wewe.

Anza kesho asubuhi. Jioni ya siku ya tatu, kabla hujamhamisha mara ya pili, hesabu tena matamvua kwa dakika moja, kisha niandikie namba zote mbili, ya leo na ya siku hiyo.